Simu, Sony ya mfukoni, GoPro au Casio kuukuu: ipi ikupigie video za mwendo wa polepole?

Anayeniuliza swali hili huwa keshasoma boksi. "Hii imeandikwa 960, ile 240. Si nichukue hii?" Anataka niseme ndiyo tu, akalipe. Nami humrudishia swali: unataka kupunguza mwendo wa nini hasa? Kununua kamera kwa kutazama idadi ya fremu (picha moja moja zinazounda video) peke yake ni kama kununua ndoo kwa kuuliza lita, bila kuigeuza ukaona kama inavuja.

Hesabu yenyewe ni ya kugawanya. Video ya kawaida huku kwetu tunaicheza kwa fremu 25 kwa sekunde. Ukirekodi fremu 100 kwa sekunde ukazicheza kwa 25, tukio limepungua mwendo mara 4. Fremu 240 ni karibu mara 10. Fremu 1,000 ni mara 40, maana yake sekunde moja inageuka kuwa sekunde 40 za kutazama. Hebu jaribu kumkalisha mtu sekunde 40 akimtazama bibi harusi anageuza shingo. Utamkuta kashaingia WhatsApp.

Tukio lako lina haraka kiasi gani?

Unyayo wa mkimbiaji wa masafa marefu hukaa chini takribani sehemu ya tano ya sekunde kwa kila hatua. Wa mbio fupi hukaa kama nusu ya muda huo. Kwa fremu 120 unapata picha zipatazo 24 za unyayo wa huyo wa kwanza, na 12 za huyo wa pili. Ukitumia 240 zinaongezeka maradufu. Kocha wa Iten au Arusha anayetaka kuona kama kijana wake anatua kwa kisigino au kwa katikati ya wayo ameshatosheka hapo. Akipewa fremu 1,000 atapoteza muda wake kutafuta mahali pa kuanzia.

Tone la maji likianguka kutoka kimo cha mita moja hutumia chini ya nusu sekunde. Kamera ya fremu 240 italipiga picha zaidi ya 100 njiani, na kwa mtazamaji huo ni mwendo wa sekunde nne na ushei. Inapendeza sana, hasa ukilipiga jua likiwa nyuma yake.

Nyuki ni habari nyingine. Mbawa zake hupiga karibu mara 230 kwa sekunde. Ukimrekodi kwa fremu 240, kila fremu inamkuta bawa lake limerudi karibu palepale lilipokuwa kwenye fremu iliyopita, na ukitazama utaona nyuki anaelea huku mbawa zinajivuta kivivu kana kwamba zimelewa. Video nzuri, lakini ya uongo. Kwa fremu 960 unapata picha nne kwa kila pigo, na hapo ndipo bawa linaanza kuonekana likipanda na kushuka kweli. Puto la maji likichomwa sindano nalo ni hivyohivyo: kwenye fremu moja ni zima, inayofuata mpira umeshajivua, limebaki donge la maji hewani. Ukitaka kuiona ngozi ile ikipasuka na kukimbia, 240 haikufai.

Kwa hiyo kabla hujaingia dukani, jiweke kwenye kundi lako. Watu wanaotembea, wanaocheza ngoma, shela linalopepea, moshi wa chai: 100 hadi 120 inatosha na kubaki. Michezo, maji, mbwa anayejikung'uta: 240. Wadudu, vitu vinavyovunjika na vinavyopasuka: 500 kwenda juu. Wengi wanaotaka kundi la tatu kwa kweli wako kundi la kwanza.

Mwanga ndio bei yenyewe

Kamera inayopiga fremu 25 kwa sekunde inaweza kuacha shata (mlango unaoingiza mwanga) wazi sehemu ya 50 ya sekunde. Inayopiga fremu 1,000 haiwezi kuzidisha sehemu ya 1,000, maana fremu inayofuata inasubiri. Hiyo ni mara 20 chini ya mwanga uliouzoea. Chumba unachokiona kimeangaza vizuri, kamera hiyo inakiona kama stoo. Itapandisha ISO, yaani usikivu wake kwa mwanga, na ukipandisha ISO kwenye kihisi kidogo (kipande kinachopokea mwanga) unavuna chenga.

Ndiyo maana kamera ya bei nafuu ikipelekwa nje saa tano asubuhi huishinda kamera ya bei mbaya iliyofungiwa sebuleni. Jua la kwetu ni mtaji. Nilipoanza nilikuwa nahangaika na taa za ndani, hadi siku moja nikatoa meza, bilauri na maziwa nikaviweka uani juu ya saruji. Video ileile niliyoihangaikia wiki nzima ikatoka mara ya kwanza, na paka akanywa maziwa yaliyobaki.

Simu dhidi ya Sony ya mfukoni

Hawa ndio wapinzani wakuu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Simu ilianza kuwa mchezaji wa kweli mwaka 2013, iPhone 5s ilipokuja na fremu 120 kwa ubora wa 720p (picha yenye mistari 720). Mwaka uliofuata iPhone 6 ikapanda hadi 240 kwa 720p, na mwaka 2017 iPhone 8 ikatoa 240 kwa 1080p kamili. Tangu hapo hata iPhone za bei ya chini, kama SE ya mwaka 2020, zina uwezo huo. Maana yake, simu ya mtumba ambayo vijana wanaiona ya kizamani inakupa 1080p kwa fremu 240, na haikukatishi baada ya sekunde mbili: inaendelea mpaka nafasi iishe. Unachagua baadaye kipande gani kiende polepole. Kwa kocha, kwa mwalimu wa sayansi, kwa mtu anayepiga video za biashara yake ndogo, sioni sababu ya kununua kitu kingine kabla ya kuichosha simu.

Upande wa pili kuna Sony RX100 IV ya mwaka 2015. Ni kamera inayoingia mfukoni, ina kihisi cha inchi moja, kikubwa mara kadhaa kuliko cha simu za rika lake, na lenzi inayofunguka hadi f/1.8, yaani inaingiza mwanga mwingi. Inapiga fremu 240, 480 na 960 kwa sekunde. Ukiiweka kwenye PAL, mfumo wa video unaoendana na umeme wa huku kwetu, zinakuwa 250, 500 na 1,000. ZV-1 ya mwaka 2020, ambayo wengi wanaijua kama kamera ya kujirekodi mwenyewe, ina uwezo huohuo ndani yake, na wenye nayo wengi hawajawahi hata kuufungua.

Ukisoma hapo utasema Sony imeshinda. Ngoja kwanza. Kwa fremu 240 inasoma picha ya pikseli 1824 kwa 1026, karibu HD kamili. Ukipanda 480, inashuka hadi 1676 kwa 566. Kwa 960 ni 1136 kwa 384, kisha inaitanua hadi 1920 kwa 1080 ili faili lionekane la HD. Utanuzi ule unaonekana: nywele zinakuwa uzi mmoja, maandishi yanalegea. Halafu yote hayo ni kwa sekunde mbili tu. Ukikubali kushusha ubora zaidi unapata nne. Baada ya hapo kamera inakaa kuandika kwenye kadi, nawe unasimama kama unayesubiri pishi la kuni mbichi. Mchezaji wako akiruka tena wakati huo, umemkosa. Fokasi na mwanga navyo vinafungwa kabla hujaanza, kwa hiyo mtu anayekuja mbele yako atatoka kwenye fokasi nawe huna la kufanya.

Ila kuna kitu kimoja kinachonifanya nisiiuze. Sony hii unaweza kuipanga ihifadhi sekunde mbili zilizotangulia kubonyeza kitufe. Kamera inakuwa inarekodi na kufuta, inarekodi na kufuta; samaki akiruka, wewe unaona kwanza, ndipo unabonyeza, na yuko ndani. Ukiwa na simu, kumngoja samaki huyohuyo ni kurekodi dakika 20 za maji matupu kisha ukakae usiku unazipekua. Kwa tukio usilojua litatokea lini, uwezo huo una thamani kuliko namba yoyote ya boksi.

Hivyo mimi naligawa hivi: tukio refu na linalotabirika, simu. Tukio fupi, la haraka sana, la kushtukiza, Sony. Na kwa fremu 240 peke yake, Sony inaizidi simu mwanga ukianza kupungua, mathalani baada ya saa kumi na mbili jioni, lakini mchana wa jua kali wengi hawatatofautisha.

Zile simu zilizoandikwa 960

Sony Xperia XZ Premium ya mwaka 2017 na Samsung Galaxy S9 ya mwaka 2018 zilipiga 960 za kweli kwa 720p. Ya S9 ilikuwa sehemu mbili za kumi za sekunde, ambazo zikichezwa zinakuwa kama sekunde sita. Sehemu mbili za kumi! Kidole kinatumia karibu muda huo kuitikia jicho. Samsung iliweka njia ya simu kujianzisha yenyewe kitu kikipita ndani ya kisanduku kilichochorwa kwenye kioo chake, na bila hiyo ungekuwa mchezo wa bahati nasibu.

Tatizo ni simu nyingine zilizofuata zikiwa na namba ileile. Baadhi hupiga fremu chache, kisha programu ikabuni zile za katikati. Nilinunua moja ya hivyo, chapa siitaji, nikampiga mwanangu akirusha mchanga. Mchanga ukawa kama ukungu, na mkono ulipopita mbele ya uso, pua ikavutwa pamoja nao. Fremu za kubuni hazina habari mpya. Unaweza kuzibuni mwenyewe nyumbani kwa programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve, ile ya bure, tena ukasimamia zinavyotoka.

Casio, mzee wetu

Siwezi kuandika habari hizi nikamruka Casio. Mwaka 2008 kampuni hiyo ya Japani ilitoa EX-F1 kwa takribani dola 1,000, wakati ambapo kamera za kasi zilikuwa mali ya maabara na kampuni kubwa za filamu. Ilipiga fremu 300 kwa picha ya 512 kwa 384, fremu 600 kwa 432 kwa 192, na fremu 1,200 kwa 336 kwa 96. Hiyo ya mwisho ni utepe: ukimpiga ng'ombe unapata mgongo. Lakini haikukatizi baada ya sekunde mbili, na lenzi yake inavuta mbali mara 12. Casio waliacha kutengeneza kamera za mfukoni mwaka 2018, kwa hiyo betri na vipuri unavitafuta kwa tochi.

Inunue leo? Kama ni ya kazi, hapana. Simu ya pili kwa ubovu nyumbani kwako ina picha safi kuliko ile ya 300. Ukiikuta bei ya kutupwa na una shule, una watoto wanaotaka kuona springi ikirudi au mpira ukibonyea, mchukue mzee huyo. Anafundisha kuliko anavyopendeza.

GoPro

Hapa mambo ni mafupi. Tangu HERO6 Black ya mwaka 2017, kamera ndogo za GoPro zenye jina la Black zinapiga 1080p kwa fremu 240, na zinaingia majini hadi mita 10 bila kasha. HERO13 Black ya mwaka 2024 imeongeza fremu 400 kwa 720p, kwa mafungu ya sekunde 15. Kama unapiga wazamiaji, wavuvi wa pweza, mtumbwi wa mbio au baiskeli inayoshuka mlima, acha kusoma, nenda kanunue, na HERO7 Black iliyotumika itakufaa vizuri tu.

Kwa mengine inachosha. Lenzi yake ni pana, kila kitu kinaonekana kiko mbali, na tone la maji utalitafuta kwa kidole. Kihisi ni kidogo. Jioni ikiingia, nayo inakwenda kulala.

Kamera kubwa, na taa za ukumbini

Wapiga video wa harusi hawahitaji 960 hata kidogo. Wanahitaji kamera ya kubadilisha lenzi yenye 1080p kwa fremu 100 au 120. Sony a6300 ya mwaka 2016 inafanya hivyo huku ikifuata fokasi na kurekodi sauti. Panasonic GH5 ya mwaka 2017 inafika 180, lakini ukiingia njia hiyo sauti inatoka na fokasi unaizungusha kwa mkono. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake ukumbini, a6300 ni rafiki zaidi. Kumbuka tu kwamba ukitaka ubora wake wa juu kwenye fremu hizo inadai kadi yenye alama ya kasi ya U3. Kadi za bei ya karanga itazikataa.

Sasa jambo lililoniaibisha. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazotumia umeme huo hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera inaona yote. Nilimrekodi bwana harusi akiingia kwa fremu 240 za simu, nikapunguza mwendo, na ukumbi mzima ukawa unapwita kama mara 10 kwa sekunde. Mama yake akaniuliza kama niliweka disko makusudi.

Dawa iko kwenye menyu. Weka kamera kwenye PAL, piga fremu 100 badala ya 120, na shata uiache sehemu ya 100 ya sekunde. Kila fremu inakula mpigo mmoja kamili wa taa, na mpwito unatoweka. Kwa iliyowekwa NTSC, mfumo wa akina Marekani, yenye fremu 120 huwezi kulingana na taa za hapa hata ufanyeje. Si kila kamera ya mtumba ina chaguo la kuhama, inategemea iliuzwa kwanza nchi gani, kwa hiyo fungua menyu kabla hujatoa pesa. Na ukihama, kamera inaweza kudai kuifuta kadi. Hamisha kazi zako kwanza.

Hii ndiyo sababu, kwa ukumbini, naiweka a6300 ya fremu 100 juu ya simu ya 240 na juu ya Sony ya mfukoni ya 1,000. Kwenye 1,000 mpwito hauishi, unapungua tu mwendo kama kila kitu kingine: taa inavuta pumzi mara mbili na nusu kwa sekunde. Labda upige kwa taa za betri zisizopwita, au umtoe bwana harusi nje. Kuna wapiga picha wanaofanya hivyo, wanampitisha mlangoni mara ya pili mchana kweupe, na hakuna mgeni anayejua.

Na ukitaka kuvuka hapo?

Baada ya Sony ya 960 kuna shimo. Ngazi inayofuata ambayo mtu binafsi anaweza kuifikiria ni Chronos 1.4 ya Kanada, iliyoanza kwa kuchangiwa mtandaoni mwaka 2016: pikseli 1280 kwa 1024 kwa fremu 1,057, bila kutanua wala kubuni. Bei yake ni maelfu ya dola. Nyingine zinazojulikana, kama Phantom, zinakodiwa na watu wa filamu na matangazo.

Ukishachagua, nunua mchana. Toka nayo nje ya duka, mwombe muuzaji amimine maji taratibu kutoka kwenye chupa, nawe umekaa upande ambao jua linayapenya. Rekodi kwa kasi ya juu kabisa inayotangazwa, kisha cheza ukisimamisha fremu moja moja. Ukingo wa tone ukiwa mkali na kila fremu imesogea kidogo kuliko iliyotangulia, fremu ni za kweli. Ukiona tone linayeyuka fremu moja, linarudi inayofuata, linayeyuka tena, hizo ni za kubuni. Rudisha kwenye boksi. Halafu ingia ndani, elekeza kamera kwenye taa ya dukani, rekodi tena. Muuzaji atakuuliza unafanya nini. Mwonyeshe taa yake inavyopwita, na mara nyingi hapo ndipo bei inaposhuka.